Kufundisha Kiswahili Marekani na Kusoma Nje kwa Ufadhili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walimu Vijana

Kwa miaka mingi vijana kutoka Kenya na Tanzania wamekuwa wakienda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Wengi wao si maprofesa. Ni walimu wa sekondari, au wahitimu wa ualimu ambao chaki bado ni mpya mkononi. Nafasi hizo hutangazwa hadharani na kuomba ni bure, lakini mwalimu aliye Namtumbo au Kitui mara nyingi huzisikia tarehe ya mwisho ikiwa imeshapita, au huzisikia kutoka kwa mtu anayetaka alipwe kwanza. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwalimu huyo. Sehemu kubwa inahusu programu ya Fulbright FLTA, kwa sababu ndiyo inayomfaa zaidi mwalimu wa lugha asiye na shahada ya pili. Njia nyingine nimezieleza mbele.

FLTA ni nini hasa?

Kirefu chake ni Foreign Language Teaching Assistant, yaani msaidizi wa kufundisha lugha ya kigeni. Ni tawi la Fulbright, mpango wa kubadilishana walimu na wanafunzi ulioanzishwa kwa sheria ya Marekani mwaka 1946 kwa juhudi za Seneta J. William Fulbright wa Arkansas. Fedha hutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na shughuli za kila siku huendeshwa na Institute of International Education, maarufu kama IIE, yenye makao yake New York. FLTA huwapeleka walimu vijana kutoka nchi mbalimbali wakafundishe lugha zao katika vyuo vya Marekani. Kiswahili ni mojawapo, pamoja na Kiarabu, Kihausa, Kiurdu na nyinginezo.

Muda ni takriban miezi tisa, kuanzia Agosti hadi Mei. Unafundisha au unasaidia kufundisha kwa wastani usiozidi saa 20 kwa wiki, na wakati huohuo wewe mwenyewe unasoma angalau masomo mawili kila muhula, mojawapo likihusu Marekani: historia, fasihi, siasa au jamii yao. Hutunukiwi shahada. Hili nalisema mapema kwa sababu wapo wanaofika wakidhani watarudi na uzamili.

Nani anaruhusiwa kuomba?

Uwe raia wa nchi inayoshiriki na uwe unaishi humo wakati wa maombi na usaili. Uwe na shahada ya kwanza. Umri kwa kawaida ni kati ya miaka 21 na 29. Uwe mwalimu wa Kiingereza, au unayesomea kukifundisha, au mwalimu chipukizi katika fani za jirani kama lugha za kigeni na fasihi. Kiingereza chako kiwe kizuri, nacho hupimwa kwa TOEFL au IELTS, mitihani ya kimataifa ya Kiingereza.

Mbona mwalimu wa Kiingereza, na mimi naenda kufundisha Kiswahili?

Kwa sababu mpango una malengo mawili. Mmarekani ajifunze Kiswahili, na wewe urudi nyumbani ukiwa mwalimu bora wa Kiingereza. Ndiyo maana aliyesoma ualimu kwa masomo ya Kiswahili na Kiingereza, awe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mkwawa, Dodoma, SUZA, Kenyatta, Moi au Maseno, anaingia moja kwa moja. Kama ulisoma Kiswahili na Historia, usikate tamaa kabla ya kusoma tangazo la mwaka husika la ubalozi wa nchi yako, kwa sababu masharti ya ziada hutofautiana nchi kwa nchi. Kama shuleni kwako ulibebeshwa vipindi vya Kiingereza kwa uhaba wa walimu, liandike hilo na mkuu wa shule alithibitishe. Ni uzoefu halali, na walimu wengi wanao bila kuuhesabu.

Tangazo linapatikana wapi, na maombi huchukua muda gani?

Tangazo hutoka kwenye tovuti na kurasa rasmi za ubalozi wa Marekani katika nchi yako, Nairobi au Dar es Salaam, na maombi hujazwa kwenye tovuti ya IIE. Kila nchi ina tarehe yake ya mwisho. Usichukue tarehe ya Kenya ukadhani ni ya Tanzania, na usichukue ya mwaka jana.

Safari yenyewe ni ndefu. Unaomba mwaka huu, unaitwa kwenye usaili miezi kadhaa baadaye, jina lako likipita linapelekwa IIE, vyuo vya Marekani vinasoma mafaili na kuchagua mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kisha zinafuata karatasi za viza, na unaondoka Agosti. Tangu kutuma fomu hadi kupanda ndege inaweza kupita zaidi ya miezi kumi na miwili. Kwa hiyo usiache kazi kwa sababu umeitwa kwenye usaili, na usimwambie mwenye nyumba kwamba unahama.

Pasipoti ishughulikie kabla ya yote. Cheti cha kuzaliwa chenye jina lililoandikwa tofauti na la cheti cha kidato cha nne ndicho kinachokwamisha watu wengi kuliko Kiingereza. Weka vyeti vyako vyote mezani, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha chuo, usome jina herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema Mohamed na kingine Mohammed, anza kulishughulikia sasa, wakati hakuna anayekuharakisha.

Insha za maombi niandike nini?

Hapa ndipo nafasi nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwombaji wa kawaida huandika hivi: tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa mwalimu, Kiswahili ni lugha tajiri inayozungumzwa na zaidi ya watu milioni 200, nikipata nafasi hii nitakuwa balozi mwema wa nchi yangu. Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba msomaji wa maombi ameshayasoma hayo kwenye faili lililotangulia, na atayakuta tena kwenye linalofuata. Hajajua wewe ni nani ukiwa mbele ya darasa.

Sasa tazama aya nyingine ya mfano: "Kidato cha Pili nilikuwa na wanafunzi 74 na vitabu tisa vya hadithi. Niligawa makundi tisa, kila kundi likasoma sura yake, kisha kila mmoja akaenda kumsimulia mwenzake wa kundi lingine bila kitabu. Kelele zilikuwa nyingi, na mwalimu wa zamu alikuja kuuliza kulikoni. Wiki ya tatu, wale waliokuwa wakikaa kimya nyuma walianza kusahihishana wenyewe." Hapo hakuna sifa hata moja, lakini anayesoma ameona mwalimu anayejua kwamba lugha hujifunzwa kwa kusema, anayeweza kufanya kazi bila vifaa, na anayetazama wanafunzi wake. Anaweza kumpeleka mtu huyo chuo kidogo cha Marekani akalala usingizi.

Wewe una aya yako kama hiyo. Ulifundisha kwenye mazoezi ya kufundisha, ukafundisha masomo ya ziada jioni, ukamfundisha Kiswahili mgeni wa kanisani au daktari wa kujitolea, au ukaanzisha klabu ya mdahalo. Chukua tukio moja, lieleze kwa vitu vinavyoonekana: idadi, chumba, swali alilouliza mtoto, ulichobadilisha kesho yake. Kisha useme unavyotaka kukipeleka hicho kwenye darasa la watu wazima wasiojua neno hata moja la Kiswahili.

Usiandikiwe na mtu, na usiiachie programu ya akili mnemba ikuandikie. Insha hizo hutoka laini, zimefanana, na kwenye usaili utaulizwa juu ya kile ulichoandika. Mpe mwalimu mwenzako akusahihishie Kiingereza, basi.

Barua za wadhamini nizipate kwa nani?

Utahitaji wadhamini zaidi ya mmoja. Watu hukimbilia vyeo: mbunge, mkuu wa wilaya, profesa aliyemfundisha mara moja katika ukumbi wa watu mia nne. Barua ya mtu asiyekujua huwa na mistari sita, na msomaji huligundua hilo haraka. Mkuu wa somo aliyekaa nyuma ya darasa lako akikukagua, au mhadhiri aliyesimamia utafiti wako wa mwaka wa tatu, ana la kusema.

Mwendee mapema, walau wiki nne kabla. Mpe kwa maandishi jina la programu, tarehe ya mwisho, wasifu wako, na mambo mawili au matatu mliyoyafanya pamoja ambayo anaweza kuyakumbuka. Unaweza kumwandikia: "Shikamoo Mwalimu. Naomba ridhaa yako uwe mdhamini wangu. Wewe ndiye uliyesimamia tasnifu yangu kuhusu makosa ya upatanisho wa kisarufi kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza." Barua hutumwa na mdhamini mwenyewe kupitia kiungo atakachopokea kwenye baruapepe, kwa hiyo hakikisha anwani anayokupa ni ile anayoifungua. Kama si mtu wa kompyuta, kaa naye siku anapoituma. Si kumsumbua, wazee wetu wengi wa kazi hufurahi kusaidiwa upande huo.

Kwenye usaili huulizwa nini?

Jopo huwa na watu wa ubalozi na mara nyingi watu waliowahi kushiriki mipango ya Fulbright. Watataka kujua kwa nini wewe, kwa nini sasa, utaishije mbali na familia, utajibuje mwanafunzi akiuliza jambo gumu kuhusu nchi yako, na ukirudi utafanya nini. Jiandae hasa kwa swali moja: siku ya kwanza darasani, utafundisha nini?

Wengi hujibu kwa kuanza na ngeli. Tumelelewa hivyo, tulifundishwa Kiswahili tukiwa tayari tunakisema, kwa hiyo darasani tulipewa uchambuzi. Mwanafunzi wa Ohio hana cha kuchambua. ACTFL, chama kikubwa cha walimu wa lugha cha Marekani, hupendekeza asilimia 90 au zaidi ya muda wa darasa itumike kwa lugha yenyewe inayofundishwa. Kwa hiyo jopo linataka kusikia utakavyomfanya mtu aseme.

Jaribu hili nyumbani na jirani asiyejua Kiswahili, au anayejifanya hajui. Chukua picha mbili, ya nyanya na ya ndizi, na noti ya shilingi elfu moja. Onyesha: "Hii ni nyanya. Hii ni ndizi." Rudia, waelekezee, wajibu. Kisha uwe muuzaji na mteja peke yako, ukibadili upande wa kusimama: "Nyanya bei gani?" "Mia tano." "Aa, ghali! Punguza." Sauti na uso vinatosha kumwambia mtu maana ya ghali. Mpe mmoja noti, awe mteja. Ndani ya dakika tano watu wananunua na kubishana bei kwa Kiswahili na hujasema neno "nomino". Somo la pili ndipo unaleta picha ya embe na limau, wanasikia "embe hili, limau hili", na wanaanza kuuliza wenyewe mbona si "hii". Ngeli imeingia kwa mlango wake. Ukiweza kulieleza jopo andalio kama hilo, na sababu ya kutoanza na embe, umeshajitofautisha.

Naweza kuchagua chuo au jimbo?

Hapana. IIE na vyuo ndio wanaopangana. Unaweza kwenda mji mkubwa, au mji mdogo wa Midwest, majimbo ya kati ya kaskazini, ambako basi la mwisho ni saa kumi na mbili jioni. Unaweza kukuta profesa Mswahili mwenye miaka ishirini kazini na wewe ukawa msaidizi wake, au ukajikuta wewe ndiye mwalimu pekee wa Kiswahili chuoni. Hali hizi mbili ni tofauti sana. Ukishapangiwa, andika kwa msimamizi wako na uulize: nitafundisha ngazi gani, vipindi vingapi, kitabu gani, na nani alikuwapo kabla yangu. Aliyekutangulia akikubali kukuachia maandalio yake ya masomo, umeokoa miezi miwili.

Pesa zinatosha?

Programu hulipa nauli ya kwenda na kurudi, posho ya kila mwezi inayotegemea gharama za maisha za mahali ulipo, na bima ya ugonjwa na ajali. Chuo mwenyeji hubeba ada ya masomo yako, na malazi na chakula hupangwa kati yao na posho yako. Mtu mmoja anayeishi kwa mpango anaimudu. Haitoshi kujenga nyumba, na haikuwekwa kwa ajili hiyo. Nyumbani watu watadhani umeingia kwenye dola. Zungumza na familia kabla ya kuondoka juu ya unachoweza kutuma na usichoweza, ili simu za usiku zisikunyime usingizi. Kwenda na mke, mume au watoto si sehemu ya mpango huu.

Mambo mawili ambayo huwashtua watu. Kwanza, wiki za mwanzo fedha huchelewa, kwa sababu akaunti ya benki na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) huchukua muda. Nenda na akiba ya kukufikisha mwezi mmoja hivi. Pili, bima haigharimii matibabu ya kawaida ya meno wala miwani. Tengeneza meno na pima macho kabla hujaondoka. Vyuo vingi pia hudai uthibitisho wa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella, na ya matumbwitumbwi haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto kwetu. Uliza hospitali kubwa mapema, na upewe karatasi yenye muhuri.

Nimeajiriwa serikalini. Nitaruhusiwa?

Anza kulishughulikia siku unapoitwa kwenye usaili. Usingoje siku ya tiketi. Kwa Tanzania barua yako kwa mkurugenzi wa halmashauri hupitia kwa mkuu wa shule na afisa elimu, na kila meza ina siku zake. Kwa Kenya mwenye neno ni TSC, tume inayoajiri walimu. Kwa kuwa FLTA haitoi shahada, eleza wazi kwenye barua kwamba ni programu ya kubadilishana walimu, ya mwaka mmoja wa masomo, na kwamba unarudi kituoni. Ambatisha barua ya uteuzi. Usiondoke kimyakimya ukitegemea wenzako wakufichie. Utoro kazini hufuta ajira, na mwaka mmoja wa Marekani haustahili bei hiyo.

Viza inapatikanaje?

Viza ni ya J-1, ya washiriki wa programu za kubadilishana. IIE hukutumia fomu ya DS-2019 inayothibitisha nafasi yako, unajaza DS-160, fomu ya maombi ya viza, mtandaoni, unakwenda ubalozini. Washiriki wanaogharimiwa na serikali ya Marekani hawalipi ada ya viza wala ya SEVIS (mfumo wa kusajili wanafunzi na washiriki wa kigeni), kwa hiyo akitokea mtu kukuambia ulipie, rudi kwa afisa wa ubalozi uliyekuwa ukiwasiliana naye.

Tangu 2025 mambo yamekuwa na misukosuko. Mapema mwaka huo malipo ya programu za kubadilishana za Marekani yalisimamishwa kwa muda, na sheria za viza kwa nchi mbalimbali zimebadilishwa. Soma tangazo la ubalozi wa nchi yako kabla ya kila hatua, na usiweke matumaini yako yote kwenye nchi moja.

Darasa la huko likoje?

Dogo. Wanafunzi kumi ni wengi. Watakuita kwa jina lako la kwanza wasipofundishwa vingine, watakula darasani, watakuuliza kwa nini umewapa alama hiyo. Hawakudharau, ndivyo walivyolelewa shuleni. Wafundishe "Shikamoo Mwalimu" na "Marahaba" siku ya kwanza, na utaona wanavyolipenda hilo.

Wanaojiunga wana sababu mbalimbali. Yupo anayesomea afya ya jamii na anataka kwenda Mwanza, yupo Mmarekani Mweusi anayetafuta lugha ya Kiafrika, yupo aliyehitaji tu kutimiza sharti la lugha. Na kuna kundi ambalo naomba ulitunze kwa moyo wote: watoto wa familia zilizotoka Kongo na Burundi, wengine waliozaliwa au kukulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma au Kakuma kule Turkana. Kiswahili wanakijua kwa sikio. Wanasema "batoto" na "minapenda" kama walivyosikia kwa mama zao wa Bukavu au Lubumbashi. Mwalimu anayewaambia mbele ya wenzao kwamba Kiswahili chao ni kibovu amewafukuza kwenye lugha yao wenyewe. Wape nafasi wasimulie, waonyeshe wenzao kwamba Kiswahili kina nyumba nyingi, kisha uwafundishe sanifu kama mtindo wa kuandikia na wa kazini. Mara nyingi ndio watakaobeba darasa lako la mazungumzo.

Nje ya darasa utaombwa kuendesha meza ya Kiswahili, usiku wa mapishi, filamu, nyimbo. Nenda na vitu vyepesi: kanga mbili tatu zenye maandishi yanayosomeka, picha za sokoni ulizopiga mwenyewe, tiketi ya daladala, gazeti la siku uliyoondoka. Kanga moja yenye methali humaliza kipindi kizima.

Naweza kubaki Marekani baada ya programu?

Unatakiwa kurudi. Viza hii kwa washiriki wa Fulbright huja na sharti la kukaa nchini kwako jumla ya miaka miwili kabla ya kustahili viza za ajira kama H-1B au ukaazi wa kudumu. Sharti hilo halikuzuii kurejea baadaye kama mwanafunzi kwa kuomba viza mpya ukiwa nyumbani, na wengi hufanya hivyo.

Nataka shahada yenyewe, si mwaka wa kufundisha tu. Kiswahili kinaweza kunilipia?

Kinaweza. Vyuo vya Marekani vinavyofundisha Kiswahili, kama Ohio University ya Athens, Indiana University ya Bloomington na University of Wisconsin–Madison, vimekuwa na utaratibu wa kuwapa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kazi ya kufundisha lugha. Unafundisha darasa la mwanzo, chuo kinafuta ada na kukupa posho. Unaomba udahili katika isimu, elimu, masomo ya Afrika au fani nyingine, na kwenye maombi hayohayo unaeleza kwamba unaweza kufundisha Kiswahili. Andika pia kwa mratibu wa Kiswahili wa chuo hicho, kwa adabu na kwa ufupi, uulize kama watahitaji mwalimu mwaka ujao.

Maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na Februari kwa masomo ya Agosti. Njia hii haina ukomo wa umri, na kwa upande wa udahili haimbagui Mganda, Mrundi, Mnyarwanda wala Mkongomani. Tofauti na Fulbright, vyuo huwa na ada ya maombi. Waandikie uombe kusamehewa, baadhi hukubali.

Na nchi nyingine?

Japani ina ufadhili ambao walimu wetu wengi hawaujui: mafunzo ya walimu ya MEXT (wizara ya elimu ya Japani), kwa mwalimu aliye kazini mwenye uzoefu wa miaka mitano na umri chini ya miaka 35. Huchukua takriban mwaka mmoja na nusu, hautoi shahada, na huombwa kupitia ubalozi wa Japani. Mwalimu wa hisabati, sayansi au elimu maalumu naye anaingia.

Uingereza ina Chevening, ufadhili wa serikali kwa uzamili wa mwaka mmoja, unaodai uzoefu wa kazi wa saa 2,800 na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Na ina ufadhili wa Commonwealth (Jumuiya ya Madola), ambao baadhi ya nafasi zake ni za kusoma kwa masafa ukiwa kazini kwako. Ujerumani ina DAAD, shirika lake la ufadhili wa masomo, na kwa mtu wa Kiswahili ina pia vyuo vyenye mapokeo marefu ya lugha yetu: Leipzig, Hamburg, na Bayreuth ambako wataalamu wa Kiswahili hukutana kwa kongamano lao. Umoja wa Ulaya una Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili unaosomwa katika nchi zaidi ya moja.

Kila mmoja una insha zake. Usinakili za FLTA ukabadilisha jina la nchi. Chevening wanatafuta uongozi, na Wajerumani watataka kujua shahada hiyo inatatua nini kwenu.

Kuna wakala anasema atanipatia nafasi kwa shilingi laki tatu. Nimpe?

Usimpe. Fulbright, Chevening, MEXT na DAAD hawauzi nafasi na hawana madalali mitaani. Ishara za utapeli zinafanana: baruapepe ya bure badala ya anwani ya taasisi, haraka ya ajabu, malipo kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na ahadi kwamba huna haja ya usaili. Tangazo lililokuja kwenye kundi la WhatsApp litafute kwenye tovuti ya ubalozi kabla hujalisambaza.

Ajira za ualimu za kawaida, mathalani shule za Ghuba au Asia, ni jambo jingine. Huko mawakala halali wapo, lakini lazima wawe na leseni. Tanzania uliza TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, Kenya uliza National Employment Authority. Usikubali kusafiri kwa viza ya matembezi ukiahidiwa kibali cha kazi ukifika. Pasipoti yako ni yako. Mwajiri hana haki ya kuishikilia.

Nimekosa mwaka huu. Niombe tena?

Omba, kama umri unaruhusu. Kukosa mara nyingi hakumaanishi hufai. Pengine mwaka huo vyuo vilivyoomba mwalimu wa Kiswahili vilikuwa vichache. Lakini usirudishe faili lilelile. Katikati ya miezi hiyo tafuta mwanafunzi mgeni wa kumfundisha, hata mmoja, hata kwa simu. Watu wa kujitolea, wamisionari na wafanyakazi wa mashirika wapo hadi wilayani, na wengi wanatafuta mwalimu. Weka andalio la kila kipindi kwenye daftari: ulichofundisha, alipokwama, ulivyobadilisha. Miezi mitatu ya daftari hilo itakupa insha mpya na jibu jipya la usaili. Sambamba na hapo tuma ombi la uzamili kwenye chuo kimoja au viwili vyenye Kiswahili, na angalia kama umetimiza miaka mitano kazini kwa ajili ya MEXT. Matokeo ya TOEFL au IELTS hudumu miaka miwili, kwa hiyo yaleyale uliyolipia yanaweza kukutumikia kwenye maombi mawili au matatu.